Mji Uliomgawanya Ng'ombe

Kabla hakujapambazuka vizuri, pikipiki zenye masanduku ya bati huanza kuteremka kutoka vichinjio vya Dagoretti kuelekea mjini. Ubavuni mwa kila sanduku pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni la nyama tu. Ukisimama Kawangware, pale kituo cha 46, utaziona zikipita mbio, maana mzigo wake haushukii hapa. Paja na steki vinakwenda Lavington, Kilimani na Westlands, kwenye mahoteli na bucha zenye vioo. Mzigo wa Kawangware huja baadaye kidogo, kwa mkokoteni, umefunikwa gunia lililolowa: vichwa, miguu, matumbo, mapupu.

Ukitaka kuijua Nairobi, ramani ya serikali iweke kando. Mfuate ng'ombe mmoja tangu anaposhushwa kwenye lori mpaka mfupa wake wa mwisho upate mnunuzi. Utakuwa umepita katika kila tabaka la mji huu, na utajua nani anakula nini, nani anauza nini, na uvundo wa nani unaishia kwenye pua ya nani.

Vipeperushi vya utalii vinamtaja simba. Picha ni ileile miaka nenda miaka rudi: simba amejilaza nyasini, maghorofa yamesimama nyuma yake. Sina ugomvi na simba. Ila mbuga ile, iliyotangazwa mwaka 1946, ilikuwa malisho kabla ya kuwa mbuga, na ili simba apigwe picha kwa utulivu ilibidi ng'ombe wa Wamaasai wakae nje ya mpaka. Mnyama aliyeufanya mji huu uwe mahali ulipo ni yule anayefukuzwa na askari wa kaunti akionekana barabarani.

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa mahali pa kunyweshea. Wamaasai walileta mifugo yao kwenye mto waliouita Enkare Nairobi, mto wa maji baridi. Juu kidogo, Dagoretti na Kabete, kwenye ukingo wa msitu, waliishi Wakikuyu, wakilima na kufuga. Baina yao palikuwa na soko na uvamizi, ndoa na vita, na katika yote hayo hesabu ilifanywa kwa ng'ombe na mbuzi. Mahari, fidia ya damu, deni la njaa, vyote vilikuwa na kwato.

Kisha ikaja sotoka. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua, na havikuwa vimewahi kukutana na ng'ombe wa upande wetu. Viliingia Afrika kupitia Massawa, pwani ya Eritrea, mwaka 1887, na ndani ya miaka michache vilikuwa vimeshafika nchi ya Wamaasai. Ng'ombe akishikwa hupandwa na homa, macho hutoa machozi mazito, mdomo hujaa vidonda, kisha huanza kuhara, na katika siku chache amekwisha. Inakadiriwa kwamba kati ya ng'ombe kumi, tisa walikufa. Mfugaji aliyekuwa tajiri mwezi huu, mwezi ujao alikuwa anabisha hodi kwa mkulima kuomba mtama. Nyuma ya sotoka ikaja ndui kwa binadamu, na nyuma ya ndui ikaja njaa. Wamaasai wenyewe wanauita wakati ule Emutai, kumalizika.

Reli ilipofika hapa tarehe 30 Mei 1899, wahandisi walikuta uwanda mpana, wenye maji, ulioonekana hauna mwenyewe. Wao walitaka mahali tambarare pa kupumzisha treni na kuweka karakana kabla ya kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Uwanda ule ulikuwa umepoteza ng'ombe wake chini ya miaka kumi iliyotangulia, na mtu asiyejua kilichotokea angeweza kudhani ndivyo ulivyoumbwa. Mwaka 1904 Waingereza walitiliana mkataba na Wamaasai, wakawahamisha kutoka malisho ya Bonde la Ufa yaliyokuwa karibu na reli, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa hata huko Laikipia. Nairobi inapenda kusimulia kwamba ilizaliwa na reli, na ni kweli. Lakini reli ilipata kiwanja kilichokuwa kimesafishwa na ugonjwa wa ng'ombe, na sehemu hiyo ya hadithi haimo katika hotuba za siku za madaraka.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria nashindwa kulipita haraka. Kutoka Kawangware, fuata Barabara ya Naivasha, upite Riruta, ufike Uthiru na Kabete. Pande hizi ndiko serikali ya kikoloni ilikojenga maabara ya mifugo mwanzoni mwa karne ya 20, na juu zaidi, Muguga, kikajengwa kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki. Katika kituo hicho, kuanzia miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza Walter Plowright na wenzake walichukua aina ya virusi vya sotoka vilivyokuwa vikitunzwa Kabete, wakavilea katika chembe za figo za ndama, wakivihamisha kutoka chupa hadi chupa zaidi ya mara tisini, mpaka vikapoteza makali ya kuua lakini vikabaki na uwezo wa kuufundisha mwili wa ng'ombe kujikinga. Aina hiyo ya virusi ilibaki na jina la Kabete katika vitabu vya wataalamu duniani kote. Chanjo ikasambaa Afrika na Asia. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapahapa Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo umetoweka kabisa.

Magonjwa ambayo binadamu amefaulu kuyafuta juu ya uso wa dunia ni mawili tu: ndui na sotoka. Ni yaleyale mawili yaliyoandamana kuumaliza uwanda huu kabla ya reli. Mmoja kati ya hayo, sotoka, ulishindwa kwa silaha iliyoundwa mwendo wa matatu kutoka mahali ulipoua. Nairobi ina sanamu ya Dedan Kimathi, ina ya Tom Mboya, na zinastahili kuwepo. Ya ndama haipo. Nadhani hata bango dogo pale Uthiru, karibu na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyopo huko tangu miaka ya 1970, lingewafanya watoto wanaopita kwenda shule waulize swali nyumbani.

Basi, turudi Dagoretti. Ng'ombe hufika usiku, kutoka Narok na Kajiado, kutoka Garissa na Marsabit, na wengine wanavuka mpaka kutoka Tanzania. Juu ya lori hukaa vijana wenye fimbo ambao kazi yao ni moja: kuhakikisha hakuna ng'ombe anayelala njiani, maana akilala wenzake watamkanyaga, na akikanyagwa amepotea. Wale vijana huvuka nchi nzima wakiwa wamesimama kama hao wanaowachunga. Anayechinja ni Mwislamu, kwa desturi iliyokubalika kimya kimya katika vichinjio vingi vya Kenya, ili nyama iweze kuuzwa kwa kila mtu bila mjadala. Kisha hupita mkaguzi wa nyama na kisu chake kifupi. Hupasua ini, mapafu, moyo, tezi za shingoni, akitafuta dalili za minyoo na kifua kikuu. Akiridhika, hugonga muhuri wa wino kwenye nyama, na kuanzia hapo yule mnyama si mmoja tena. Ana bei nyingi, kila kiungo na yake.

Vichinjio vyenyewe haviko mbali na mito, na mito ya Nairobi haijui kunyamaza juu ya kinachotupwa ndani yake. Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita Dagoretti na Kawangware ukiwa bado mchanga, na kwa miaka mingi umepokea damu na samadi. Motoine nao unateremka hadi Bwawa la Nairobi, ubavuni mwa Kibera, bwawa lililojengwa mwaka 1953 na ambalo leo gugumaji limelifunika. Mamlaka ya mazingira imewahi kuvifunga vichinjio vya Dagoretti kwa sababu hiyo, na vikafunguliwa tena kwa sababu watu wanataka nyama. Kichinjio cha Nyongara kiliwekewa mtambo wa kugeuza uchafu kuwa biogesi. Ni hatua nzuri. Lakini anayeishi chini mtoni hali biogesi.

Katika boma la zamani, iwe la Mmaasai au la Mkikuyu, mnyama aliyechinjwa aligawanywa kwa sheria. Kulikuwa na sehemu ya wazee, sehemu ya akina mama, sehemu ya vijana waliochinja, sehemu ya mgeni. Mtu hakuchagua, alipewa, na kile alichopewa kilimwambia yeye ni nani mbele ya wenzake. Siusifu mpango huo kupita kiasi. Akina mama wengi walikuwa na malalamiko yao, na ya haki. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mji haunalo: aliyepewa shingo alimjua aliyepewa ubavu. Walikula siku moja, moto mmoja. Nairobi inagawanya pia, tena kwa ukali kuliko wazee. Inagawanya kwa bei, na wanaogawiwa hawaonani.

Wala mgawanyo huo haukuanza jana. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, aliishauri serikali ya kikoloni kwamba makaazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika yatenganishwe, kwa jina la usafi. Lavington ya leo iko upande ule uliotengewa wakubwa. Kawangware ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, na ikaingizwa ndani ya jiji mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Hadi leo mtu anaweza kutoka kwenye geti lenye kamera, akatembea dakika chache, akajikuta penye barabara ya vumbi na sufuria ya supu ya kichwa. Mipaka ya rangi ilifutwa kwenye vitabu. Steki na kichwa bado vinaijua njia yao.

Nenda Kawangware saa kumi na mbili jioni, wakati matatu zinamwaga watu. Utakuta pipa lililokatwa nusu, makaa ndani, wavu juu, na juu ya wavu mutura imejikunja, nyeusi, inachuruza mafuta. Ndani ya ule utumbo mna vipande vya nyama vilivyosagwa, damu, kitunguu, dhania na pilipili. Muuzaji ana ubao mmoja, kisu kimoja, na mkono usiokosea: anakata vipande vya unene uleule bila kuangalia, anavisukuma mbele yako, chumvi na kachumbari viko pembeni. Hakuna kiti. Hakuna sahani. Watu wanakula wamesimama, wamezunguka ubao, fundi wa ujenzi mwenye simenti kwenye viatu, mwanafunzi wa chuo, karani aliyefungua tai, na mara moja moja mwenye gari aliyeliegesha mbali kidogo asije akatambuliwa.

"Boss, ya mbao ama ya hamsini?" anauliza muuzaji, macho yakiwa kwenye moto. Mbao ni shilingi ishirini.

"Ya hamsini. Na supu kidogo."

Supu inakuja kwa kikombe cha plastiki, ya moto kupita kiasi, inanuka iliki na mfupa. Zamani mutura ilikuwa chakula cha sherehe, na sherehe zilikuwa na msimu. Sasa ni ya kila jioni, na huenda ndilo jambo pekee ambalo mji umelichukua kutoka bomani bila kuliharibu: duara ya watu wanaokula kitu kimoja bila kuulizana majina. Madaktari wanaonya kuhusu damu isiyoiva na maji ya kuoshea matumbo, nao wana hoja. Mimi huangalia kwanza kama wateja ni wengi. Mutura inayonunuliwa haraka haikai.

Asubuhi ni zamu ya akina mama. Mama anayeuza matumbo huamka mapema kuliko jogoo yeyote aliyebaki Gatina, ndani ya Kawangware, huyaosha kwa maji ya kununua, mtungi baada ya mtungi, na gharama ya maji hayo ndiyo inayoamua kama siku itakuwa na faida. Miguu huchomwa ili kuondoa manyoya, kisha hupasuliwa kwa shoka na kuchemshwa usiku kucha. Kwa mtu anayebeba mawe au kusukuma mkokoteni, bakuli la supu ya miguu na chapati mbili ni kiamshakinywa na dawa kwa pamoja. Kwa bei ya sahani moja ya steki kule ng'ambo, watu kadhaa hula hapa wakashiba. Sisemi hivyo kwa kusifia umaskini. Nasema kwa sababu nimewahi kusikia watu wakieleza kwamba wakaazi wa mitaa hii hawali nyama, na waliokuwa wakieleza hawajawahi kuuliza vichwa vinakwenda wapi.

Mifupa, yenyewe, inakwenda Kibera.

Ni vigumu kuamini hadi uione karakana. Mabati, meza ya mbao nzito, mota iliyofungwa gurudumu la kusagia, na sakafuni rundo la mifupa ya miguu ya ng'ombe, mirefu, bado ina rangi ya kahawia. Mafundi huinunua kwa kilo kutoka Dagoretti, kutoka soko la Burma, kutoka bucha za jirani. Wanataka mifupa ya miguu kwa sababu ukuta wake ni mnene. Kwanza huchemshwa kwa sabuni ya unga, muda mrefu, mpaka uboho na mafuta vitoke. Mfupa usiochemshwa vizuri utabadilika rangi shingoni mwa mnunuzi, na fundi hapati oda ya pili. Kisha hukatwa kwa msumeno, vipande vya ukubwa wa kidole, vya ukubwa wa shilingi, vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kila kipande hushikiliwa kwa vidole kwenye gurudumu linalozunguka. Vumbi jeupe hujaa hewani, na harufu yake ni ya jino linalotobolewa. Wenye barakoa huzivaa. Wengine hufunga kitambaa, na wengine hawafungi kitu, na kikohozi chao unakisikia kabla hujaingia mlangoni.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Vipande hutiwa kwenye dawa ya kung'arisha mpaka viwe vyeupe pe. Vingine huchorwa kwa nta iliyoyeyushwa, michirizi, nukta, duara, kisha huzamishwa kwenye rangi nyeusi. Nta ikiondolewa, mahali ilipokuwa panabaki peupe, kwa mbinu ileile ya batiki. Pembe nazo hupasuliwa na kung'arishwa, ingawa pembe haihitaji rangi, ina yake. Shaba hupatikana kwa kuyeyusha mabomba na kufuli zilizochakaa. Ushanga wa mfupa, kitanzi cha shaba, uzi, basi mkufu umekwisha. Unauzwa Maasai Market siku za soko, au unafungwa kwenye katoni kwenda Ulaya na Marekani, ambako mnunuzi atasoma kwenye kikaratasi kwamba umetengenezwa Kibera.

Mtalii aliyeshika mkufu huo huuliza swali moja: je, hii ni pembe ya ndovu? Fundi ameshazoea. Huelekeza kipande kwenye mwanga na kumwonyesha mnunuzi vitobo vidogo vidogo vyeusi, njia za mishipa ya damu iliyokuwa ndani ya mfupa ng'ombe akiwa hai. Pembe ya ndovu haina vitobo hivyo. Ina mistari inayokatana. Swali hilo ni la kawaida hapa kwa sababu Nairobi ndiyo iliyochoma pembe za ndovu mbele ya dunia, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, katika mbuga ileile ya simba, ng'ambo ya Lang'ata, jirani na Kibera. Ndovu alichomewa pembe zake na marais wakihutubia, na ilifaa. Ng'ombe hakuhutubiwa. Mfupa wake umechukua kazi ya pembe ya ndovu kwenye masikio ya wanawake wa miji mikubwa bila mtu yeyote kuuawa kwa ajili yake, wala mnyama wa ziada kuchinjwa, maana mnyama alikwisha kuliwa.

Kibera yenyewe ilipata kuwa na ng'ombe wazima. Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, walianza kuwekwa hapa tangu mwaka 1904, kwenye msitu uliokuja kutangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Walilima na kufuga. Ardhi ikamegwa kidogo kidogo, mtaa huu ukajengwa hapa, barabara ikapita pale, wapangaji wakaongezeka, mpaka palipokuwa malisho pakawa Makina, Laini Saba, Lindi, Silanga. Hati waliyopewa hatimaye mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Ng'ombe hukaa mahali penye nafasi, na nafasi ndicho kitu cha kwanza Kibera ilichonyang'anywa.

Kizazi changu kilikutana na ng'ombe kwa njia nyingine, kwenye pakiti ya pembetatu. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, yalifika kwenye kreti, na ukikosea kutoboa pembe ya pakiti yanakurukia sare. Kwa watoto wengi wa mitaa ya mabanda hayo ndiyo maziwa pekee waliyokunywa bila chai ndani. Mpango ule ulikufa. Siku hizi Kawangware kuna maziwa ya ATM: unapeleka chupa yako dukani, unatia sarafu au unalipa kwa simu, mashine inapima hadi nusu kikombe. Anayeitumia hana haja ya kujua ng'ombe yuko wapi, lakini duka limechorwa picha yake ukutani, madoadoa meusi kwa meupe, kwenye nyasi za kijani ambazo hazijawahi kuota mtaa huu.

Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023, uliomaliza mifugo zaidi ya milioni mbili nchini, uliwaleta ng'ombe halisi mjini. Wafugaji kutoka Kajiado waliwaswaga hadi kando ya barabara kuu, wakalisha kwenye nyasi za katikati ya njia. Madereva walipiga honi, watu wakapiga picha, na mitandaoni ukaanza mjadala kuhusu usafi wa jiji. Mijadala kama hiyo hunichosha. Kwenye Enkare Nairobi, wazee wao walikuwa wakinywesha mifugo kabla mto haujapata daraja hata moja.

Sheria, kwa upande wake, imelegea. Zamani sheria ndogo za jiji zilimtazama mfugaji wa mjini kama mhalifu mdogo. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na mtu anaweza sasa kuomba kibali. Ukipita kando ya Barabara ya Naivasha utaona majani ya mabingobingo yamefungwa mafungu, yanauzwa, na mtu husimama kununua. Kwa hiyo kuna ng'ombe. Wamo nyuma ya mabati, vichochoroni, wanakula mabaki ya kabeji na maganda ya ndizi kutoka sokoni, na huenda hawajawahi kuiona nyasi iliyosimama.

Mzee mmoja wa Gatina ana wawili, ng'ombe na mtamba wake, katika zizi linaloegemea ukuta wa jirani. Ardhi ni yake, ya ukoo, tangu mtaa huu ulipokuwa shamba. Hukamua saa kumi za usiku, na kufikia saa moja maziwa yamekwisha, majirani wanamlipia kwa wiki. Mwanawe amemweleza kwa heshima, na kwa tarakimu, kwamba zizi lile linatosha vyumba vinne chini, na vinne juu yake, na vinne tena juu ya hivyo, na kwamba wapangaji hawaugui wala hawahitaji daktari wa mifugo.

"Baba, hesabu ni yako," alimwambia, "mimi nimeleta tu karatasi."

Mzee aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti. Hakukataa. Aliuliza kama mtu wa kuchora ramani anaweza kungoja hadi mtamba azae, kwa sababu mtamba mwenye ndama hupata bei nzuri zaidi, na kwa sababu, alisema, mnunuzi anayemfikiria ana shamba Limuru, si Dagoretti.